Sampuli za Nchi Kumi na Sita

Lennox Njiru alikuwa katikati ya sahani ya chapati na maharagwe, katika hoteli moja ndogo pale Manyatta, Embu, riziki yake ilipotokea kwenye runinga. Haikutokea kwa kishindo. Ilikuja kama habari ya tatu, baada ya siasa na ajali, ile habari ambayo watu huitumia kuagiza chai ya pili. Viongozi wa nchi za kusini mwa Afrika walikuwa wameketi kwenye meza ndefu yenye bendera, wakitia sahihi, wakipeana mikono, wakitabasamu kwa zamu. Msomaji wa habari akasema kwamba nchi hizo kumi na sita zimeahidiana tena kulegeza mipaka yao ili bidhaa zipite bila vikwazo na kuwe na soko moja.

Hakuna aliyesikiliza. Mwenye hoteli alikuwa akimenya viazi na mhudumu alikuwa kwenye simu. Lakini kwenye meza ya pembeni kulikuwa na mzee mwenye kofia ya sufu, mkulima kwa jinsi kucha zake zilivyokaa, na mzee huyo aliposikia "soko moja" aliacha kutafuna. Kijiko kilibaki hewani kidogo, kisha kikaendelea na safari yake. Lennox alikiona. Watu wengine husomea udaktari, wengine sheria. Yeye alikuwa amesomea kuona mtu anapoacha kutafuna.

Alikuwa mtu mwenye sauti laini, suti moja nzuri na viatu vilivyong'aa kuliko historia yake. Huko Kibugu, kwenye mashamba ya majani chai, aliwahi kuwauzia wakulima bima ya mvua ya mawe. Mvua ya mawe ilipokuja, bima haikuja. Tangu hapo Lennox alikuwa akisema kwamba baridi ya Kibugu haikifai kifua chake, na kusema kweli vijana fulani wa huko walikuwa wamejitolea kukipasha moto.

Kwa hiyo soko hili jipya lilihitaji watu wasiomjua, na alijua pa kuwapata. Alimaliza chapati, akaenda kumtafuta Mbogo.

Mbogo alikuwa na lori dogo la kubeba mchanga, na uso wa mtu ambaye amebebeshwa kila kitu na akaahidiwa mengi zaidi. Lennox alimkuta chini ya lori, miguu nje.

"Mbogo, ndugu yangu, tunaingia kwenye biashara ya kusini."

"Kusini gani? Mwea?" miguu iliuliza.

"Kusini mwa Afrika."

Mbogo akatoka taratibu, akamtazama, kisha akalitazama lori. "Hili lori halina hata gurudumu la akiba."

"Lori litafika Kanyakine tu, huko Meru. Tutapakia makadamia, zile njugu zinazouzwa ng'ambo, tutarudi Embu tuuze."

"Na huko kusini?"

"Huko kusini wakae salama. Hatuna ugomvi nao."

Mbogo akafikiri. "Na mimi nitakuwa nani? Maana kila ukiwa na mpango, mimi huwa mtu fulani."

"Utakuwa ujumbe," Lennox akasema. "Kila mkubwa hutembea na ujumbe."

"Peke yangu?"

"Ujumbe mdogo."

Kule Kanyakine kulikuwa na kikundi cha akina mama kilichoitwa Wendo, yaani upendo, na mwenyekiti wake alikuwa Karwirwa, mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mpole wa maneno, ambaye hakuwahi kuonekana akiwa na haraka wala akiwa amechelewa. Kikundi kilikuwa kimejenga darasa la chekechea karibu na kanisa. Kuta zilikuwa zimesimama na madirisha yalikuwa yametiwa. Kilichokosekana ni paa. Kwa hiyo watoto walisomea nyuma ya kanisa, kati ya viti, na kila palipokuwa na mazishi walikusanya kalamu zao za rangi wakaenda nyumbani. Mwaka huo kulikuwa na mazishi mengi, na mwalimu wao, Gatwiri, hakuwa amevuka herufi ya H tangu Pasaka.

Paa hilo lilikuwa kwenye ghala la Karwirwa, likiwa bado makadamia. Kila mama alikuwa ameleta sehemu ya mavuno yake, na pamoja walikuwa na magunia kumi na saba, wakisubiri bei ya maana. Madalali walikuja, wakabonyeza makadamia kwa vidole, wakatikisa vichwa kama madaktari mbele ya mgonjwa asiye na jamaa, wakataja bei ya kutia machozi, wakaondoka.

Ndipo Lennox akaja. Hakuja kama dalali. Alishuka kutoka kwenye lori lililooshwa, suti imekaa, kwenye kola ameweka bendera ndogo ambayo hakuna aliyeijua, naye akiwemo. Mbogo alimfungulia mlango na kusimama nyuma yake akiwa amekunja mikono, kijumbe kizima.

Waliwekwa kwenye viti vya plastiki uani kwa Karwirwa. Chai ikaja, na viazi vitamu. Lennox akajitambulisha kama Daktari Lennox, mratibu wa mahusiano ya masoko kati ya mlima Kenya na jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika.

"Mama," akamwambia Karwirwa, "makadamia yenu huwa yanakwenda wapi?"

"Kwa dalali."

"Na dalali huyapeleka wapi?"

"Hatujui, Daktari."

Lennox akafumba macho kama aliyechomwa. "Hiyo ndiyo shida ya Afrika yote. Tunauza kwa mtu tusiyejua anakwenda wapi. Huko kusini wameamka. Nchi kumi na sita, akina mama. Kutoka Kongo mpaka ncha ya kusini kabisa. Zinauziana kama jirani anavyoomba chumvi kwa jirani."

Gatwiri, aliyekuwa ameketi kwenye kigogo karibu na jiko, akainua mkono kama alivyowafundisha watoto. "Lakini Daktari, Kenya si haimo kwenye hiyo jumuiya? Mimi najua Tanzania imo. Sisi hatumo."

Mama mmoja akamgeukia kwa jicho kali. Lakini Lennox alifurahi. Tapeli mchanga huogopa swali la msomi. Tapeli aliyekomaa hulisubiri.

"Mwalimu, umesema kweli tupu," akasema. "Kenya haimo. Ndiyo maana nimekuja. Ingekuwa imo, mngenihitaji mimi wa nini?"

Akina mama wakapiga makofi. Gatwiri akashusha mkono akiwa na hakika kwamba amejibiwa, ila hakukumbuka ni nini.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Ili Kanyakine ipate mlango wa soko la kusini, kila nchi lazima ionje. Kuonja kunahitaji sampuli. Sampuli ni gunia moja. Nchi ni kumi na sita.

Karwirwa alihesabu bila kutikisa mdomo. Magunia kumi na saba kutoa kumi na sita kunabaki gunia moja, na gunia moja haliezeki hata banda la kuku.

"Daktari," akasema kwa upole, "hizi nchi nyingine si ni visiwa tu? Morisi, Ushelisheli, Komoro. Watu wa visiwani hula samaki. Hao tuwape nusu gunia."

Hapo Lennox akasimama. Akaweka mkono kifuani. "Mama Karwirwa, hapo ndipo miungano yote huvunjika. Katika jumuiya, nchi zote ni sawa. Ukiipa Afrika Kusini gunia, na Lesotho uipe gunia. Mkubwa hapati zaidi, mdogo hapati kidogo. Hata mimi mwenyewe nikitaka kubagua, siwezi. Sheria hainiruhusu." Aliipenda sana sentensi hiyo, akairudia. Mbogo, kwa niaba ya ujumbe, akaitikia kwa kichwa.

"Nchi zote ni sawa," Karwirwa akasema taratibu, kama mtu anayeweka kitu kwenye rafu. "Nimesikia. Basi tupe wiki moja tupange."

Mtu wa kawaida angeridhika na magunia kumi na sita. Lakini wanaume wa akina mama hao walikuwa wamesimama kando ya zizi la ng'ombe wakati wote wa mkutano, wakisikiliza kwa ule uso wa mwanaume anayejifanya hasikilizi, na Lennox hakuwa na moyo wa kuwaacha watu wenye kiu bila maji. Alipokuwa akielekea kwenye lori alipita kwa zizi.

"Wazee, kuna jambo sikulisema mbele ya akina mama," akanong'ona. "Kila nchi itahitaji balozi wa heshima hapa Kanyakine. Mtu mmoja tu kwa kila nchi. Anapata cheti, anapata kuitwa mheshimiwa, na wageni wa nchi hiyo wakija watafikia kwake. Kuna ada kidogo ya kuandikishwa."

Thuranira, mume wa Karwirwa, alikuwa mzee mtulivu ambaye maisha yake yote alijulikana kama mume wa Karwirwa. Alikohoa. "Botswana wanafuga ng'ombe?"

"Mzee wangu, Botswana ng'ombe ni wengi kuliko watu."

"Basi mimi ni Botswana."

"Mimi nichukue Kongo," akasema Bundi, jirani yake, mwenye kinu cha kusaga mahindi. "Ni kubwa."

Wengine wakaingia. Zambia ikaenda, Malawi ikaenda, Namibia ikapata wawili wakagombana. Ikabaki Lesotho, na hakuna aliyeitaka.

"Kwa nini?" Lennox akauliza. "Ni nchi ya milima. Ina mfalme."

"Iko wapi?" Bundi akauliza.

"Iko ndani ya Afrika Kusini. Imezungukwa pande zote."

Wazee wakatazamana. "Yaani kama lile shamba la mzee Kaburu wa hapa kwetu, lililo katikati ya shamba la kaka yake?" mmoja akasema.

"Kama hilo."

"Hapana. Hiyo ni kesi ya njia. Ina miaka ishirini kortini. Mpe mwingine."

Wiki hiyo ada zikaletwa, moja moja, kwa siri, kila mzee akiamini kwamba mkewe hajui. Thuranira aliuza ndama. Alimwambia Karwirwa kwamba ndama amepelekwa kwa binamu yake kupata malisho mazuri zaidi, na Karwirwa akasema ni vizuri, ndama pia anahitaji kutembea. Kisha siku ya Alhamisi, akitoka kuchuma majani ya migomba, Karwirwa alipita kando ya ghala akasikia sauti ya mumewe ndani, nzito, isiyo ya kawaida.

"Kwa niaba ya watu wa Botswana," sauti ilikuwa ikiyaambia magunia, "napenda kuwakaribisha nyumbani kwangu."

Karwirwa alisimama pale akiwa na majani ya mgomba kichwani. Hakucheka. Miaka thelathini alikuwa ameishi na mtu huyu na hakuwahi kumsikia akitaka kuwa mtu mwingine. Kwa muda alimhurumia kwelikweli. Kisha akamkumbuka ndama, huruma ikapungua. Akaondoka kimya, akatua mzigo, akavaa kitambaa safi kichwani, akaenda kumwona mchungaji, na kutoka kwa mchungaji akaenda kwa mtu mmoja aliyeitwa Kaberia.

Jioni Lennox akapigiwa simu.

"Daktari, mzigo uko tayari," Karwirwa akasema. "Ila hapa kwetu kitu hakisafiri bila kuombewa. Jumapili tuna ibada. Njoo na lori. Magunia yataombewa, na wewe tumekuweka mgeni wa heshima."

Lennox akatabasamu kwenye simu. Mgeni wa heshima. Hata mama yake mzazi hakuwahi kumwita hivyo. "Nitakuja na ujumbe wangu," akasema.

Lennox alikuwa mtu wa Embu, tena mtu wa kanisa alipokuwa mdogo. Alipaswa kujua. Kwenye miteremko ya mlima huu kuna sheria moja ambayo haijaandikwa na haijavunjwa: mtu mdogo akija kanisani anakaribishwa chai, mtu mkubwa akija kanisani anakaribishwa kutoa. Ndiyo sababu wanasiasa wakisikia neno "mgeni wa heshima" hupima kwanza mifuko. Lakini mtu akivaa cheo cha kuazima huwa anafurahia jinsi kinavyomkaa, hakumbuki kuuliza kinagharimu nini.

Jumapili magunia kumi na sita yalikuwa yamepangwa mbele ya madhabahu, kila moja likiwa na karatasi yenye jina la nchi kwa mwandiko mzuri wa Gatwiri. Watoto wa chekechea walikuwa wamechora bendera. Lennox akaketishwa mbele kabisa, shada la maua shingoni, Mbogo kando yake. Kwenye mfuko wa ndani wa koti zilikuwa ada zote za mabalozi, kwa maana Lennox hakuamini benki wala Mbogo.

Maombi yalikuwa marefu na mazuri. Mchungaji aliziombea nchi moja moja, akaomba amani Kongo na mvua Namibia. Lennox aliinamisha kichwa, akaguswa kidogo, kama wanavyoguswa watu wenye sauti laini. Kisha Kaberia akasimama.

Kaberia alikuwa fundi wa baiskeli siku za kazi, lakini Jumapili alikuwa mnadi wa michango ya kanisa, na kutoka Nkubu mpaka Igoji hakukuwa na mwingine kama yeye. Aliwahi kuuza yai moja mara tisa kabla halijapoa.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Leo tuna paa la watoto wetu, na tuna mgeni ambaye Kanyakine haijawahi kumpata. Tumekuwa na chifu hapa. Tumekuwa na diwani. Hao ni wa sehemu moja moja. Huyu ana nchi kumi na sita." Kanisa likamtazama Lennox kwa upendo mkubwa. "Tutaanza na Zambia. Gunia la makadamia, limeombewa. Nani atasema kitu?"

Bundi akataja kiasi kidogo. Vichwa vyote vikageuka mbele. Lennox akajiambia, sawa, moja kwa heshima. Akainua mkono, akataja mara mbili ya Bundi.

"Mheshimiwa amechukua Zambia," Kaberia akasema. Lennox akatoa noti, akina mama wakapiga vigelegele, na kwa kweli ilikuwa ni jambo tamu. "Sasa Mheshimiwa, unaondoka nalo, ama unalirudishia kanisa?"

Lennox akafungua mdomo kusema anaondoka nalo. Akaona akina mama wa Wendo wamekaa kwenye mstari, mikono mapajani. Akaona watoto na bendera zao. Akaona mchungaji akingoja.

"Ninarudisha," akasema.

"Mtu mkubwa harudi nyumbani na gunia la akina mama," Kaberia akaliambia kanisa, na kanisa likakubali kwamba mtu mkubwa hafanyi hivyo. "Limebaki kwetu. Twende Msumbiji."

"Msumbiji wachukue wengine," Lennox akasema akitabasamu. "Nisiwanyime baraka."

Karwirwa akasimama polepole kutoka kwenye mstari wake. Hakupaza sauti. "Mchungaji, samahani. Mimi ni mama tu, sijui mambo ya nchi. Lakini Daktari alikuja kwangu akatufundisha kwamba katika jumuiya nchi zote ni sawa. Nilipotaka visiwa vipewe nusu, alinikataza mbele ya watu. Alisema hata yeye mwenyewe akitaka kubagua, sheria haimruhusu. Sasa Zambia imenunuliwa. Nimeona nikumbushe tu, tusije tukamkosesha." Akaketi.

"Ni kweli alisema," akina mama wakasema.

"Alirudia," Gatwiri akaongeza.

Kaberia akamgeukia mgeni kwa heshima kubwa. "Mheshimiwa, Msumbiji?"

Lennox alinunua Msumbiji kwa bei ya Zambia. Akairudisha. Akanunua Malawi, akairudisha. Alinunua Madagaska, Angola, Zimbabwe. Alipofika Eswatini jasho lilikuwa limefika kwenye kola, na ile bendera ndogo ilikuwa imelala upande. Alijaribu kukohoa, wakamletea maji. Alijaribu kutazama saa, Kaberia akaisifu, akasema saa kama hiyo ikitolewa inaweza kununua Komoro peke yake, na kweli ikanunua Komoro. Kati ya nchi na nchi alinadi pia kuku walioletwa na waumini.

"Toka nje," Lennox akamnong'oneza Mbogo. "Uje uniambie kuna simu ya dharura kutoka Gaborone."

"Siwezi," Mbogo akanong'ona. "Nimeinua mkono kwa kuku."

"Kuku gani?"

"Yule mweupe. Nimempata."

"Na wewe unamrudisha?"

"Mimi si mkubwa, bosi. Mimi ni ujumbe. Nachukua kuku wangu."

Botswana ilifika karibu na mwisho. Thuranira alikuwa ameketi pembeni ya wazee wenzake, amevaa tai. Lennox akaingiza mkono kwenye koti, akatoa fungu lililofungwa kwa kamba ya katani iliyosokotwa kwa mkono, kamba ambayo mtu mmoja tu katika Kanyakine huisokota vile, kwa kufungia ndama. Thuranira akaiona kamba yake ikipita hewani kutoka kwa mheshimiwa hadi kwenye kapu la kanisa. Alitaka kusema neno. Akatazama upande wa akina mama, akakutana na macho ya mkewe, akaona ni afadhali kuimba pamoja na kwaya, ambayo kwa bahati ilikuwa imeanza. Wazee wengine nao, kila mmoja alipoona fungu lake likipita, aliimba kwa nguvu. Mchungaji alisema baadaye kwamba hajawahi kusikia besi nzuri kama ya siku hiyo.

Baada ya Lesotho, ya kumi na sita, Lennox alikuwa mwepesi kama siku aliyozaliwa. Walimwomba aseme neno. Akasimama, akatazama kuta za kanisa, akatazama watoto, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akakosa la kusema. Walidhani amezidiwa na furaha. Wakampigia makofi marefu.

Nje, chini ya mti wa mgravilea, Karwirwa alimletea sahani ya wali na nyama. Alikuwa amemchagulia vipande vizuri.

"Mama," Lennox akasema akishika kijiko bila kukitumia, "kuhusu zile sampuli. Lori liko pale. Nchi zinasubiri."

"Sampuli zipi, Daktari? Si umezinunua, ukazirudisha kwa kanisa mbele ya watu wote? Sasa ni za kanisa. Tutakaa nazo mpaka dalali alete bei nzuri. Hatuna haraka tena, paa limepatikana." Akamsogezea chumvi. "Kula, nyama itapoa."

Lennox akamtazama. Alikuwa amezoea kuzisoma nyuso, na uso huu ulikuwa mpole na wazi kabisa, na hakuweza kuusoma hata kidogo.

"Mama Karwirwa. Ulijua?"

"Nijue nini?"

"Kwamba mimi..." Sentensi ilikuwa na mwisho mmoja tu, na uani palikuwa na wazee wengi wanaojua kutumia fimbo.

Karwirwa akaketi kando yake kwenye benchi, akapumzisha miguu. "Mwanangu, hapa kwetu mtu akisema ni mkubwa hatumwulizi cheti. Kumwuliza mgeni cheti ni aibu. Tunamwalika tu kanisani. Kama ni mkubwa, atatoa. Kama si mkubwa, bado atatoa, kwa sababu ameshasema." Akawatazama watoto wakikimbia kuingia na kutoka kwenye darasa lisilo na paa, wakichezea kuta kana kwamba ni zao, na zilikuwa zao. "Na ndama wa mzee wangu alitaka kurudi nyumbani. Amezunguka nchi nyingi, lakini amefika."

Kisha, kwa vile mgeni hafukuzwi mikono mitupu, alimfungia viazi vikuu kwenye mfuko, akamwambia asalimie kwao.

Walikuwa wamefika Chuka, njiani kurudi Embu. Kuku mweupe alikuwa katikati yao kwenye kiti, ametulia, akitazama mbele kama abiria aliyelipa. Mbogo aliendesha polepole ili mafuta yatoshe.

"Malipo yangu ya lori," akasema hatimaye.

"Mbogo, ulikuwepo. Umeona kila kitu."

"Nimeona. Ndiyo maana nauliza kwa upole." Akavinyakua viazi vikuu kutoka mapajani mwa Lennox, akavipeleka upande wake wa kiti.

Simu ya Lennox ikalia. Namba ngeni. Akaiacha ikakatika. Ikalia nyingine, ngeni pia. Kisha ya tatu. Mbogo akaichukua, akasikiliza huku akishika usukani kwa mkono mmoja, akasema ndiyo, ndiyo mchungaji, niko naye hapa, akafunika simu kwa kiganja.

"Ni kanisa la Igoji. Kaberia amewapa namba. Wanajenga ukumbi. Wanasema wamesikia habari zako, na Jumapili ijayo wamekuweka mgeni wa heshima. Wa Mitunguu nao wanataka ile inayofuata."

Lennox akakiegemeza kichwa kwenye dirisha. "Waambie nimestaafu."

Mbogo akalifikiria hilo, kwa haki, mpaka wakapita kona.

"Bosi," akasema, "mstaafu ana pensheni. Hao watakuja kukuchukua na kwaya."